Jinsi ya Kusoma Alama za Uso wa Ufa wa Mwamba

Mwamba haupasuki wote kwa mara moja. Ufa huanza mahali padogo penye kasoro, husonga mbele, hugeuka kidogo, hupunguza mwendo, pengine husimama na kuanza tena, kisha hukoma. Na mwamba ukiwa wa chembe laini, safari hiyo yote hubaki imechorwa juu ya uso wa ufa kwa mistari myembamba ambayo jicho lisilozoea huipita bila kuiona. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitafuta michoro hiyo, kuitofautisha na mikwaruzo mingine, kuipima, na kuifasiri bila kuisingizia mambo ambayo haikuyasema. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kosa linalorudiwa sana na wanaoanza ni kudhani kwamba upande ambao ufa ulielekea ndio upande ambao nguvu ilielekea. Sivyo. Kuna maswali mawili hapa, nayo ni lazima yatenganishwe tangu mwanzo: ufa ulitembea kwenda wapi, na mwamba ulikuwa unaachanishwa kutoka upande gani.

Neno ufa katika maelezo haya lina maana finyu: ni mpasuko ambao pande zake mbili zimeachana kidogo bila kuteleza moja juu ya nyingine. Mpasuko ambao pande zake zimeteleza una alama zake, yaani michirizi iliyonyooka na kwenda sambamba, uso uliong'arishwa kwa msuguano, na mara nyingi vidaraja vya madini vilivyoota kuelekea upande mmoja. Ukiyaona hayo, unasoma habari nyingine kabisa, na kanuni zilizomo humu hazitakufaa.

Mji na pindo

Uso kamili wa ufa umepangwa karibu kama kanga. Una mji, yaani eneo kubwa la katikati lililo bapa, na una pindo, yaani ukanda mwembamba wa ukingoni ambamo ule uso mmoja unavunjika na kuwa vijiufa vingi vilivyopangwa kimshazari. Ndani ya mji mna mambo matatu ya kutafuta. La kwanza ni chimbuko, mahali ufa ulipoanzia. La pili ni unyoya, mchoro wa nyuzi nyembamba zinazochanua kutoka kwenye uti mmoja. La tatu ni matao, mistari iliyopinda ambayo huzikata zile nyuzi kwa pembe mraba au karibu na hapo.

Mwanajiolojia wa Marekani J. B. Woodworth aliueleza mpangilio huu mwaka 1896 baada ya kuzichunguza nyufa za miamba ya tope gumu karibu na mto Mystic, jirani na Boston, na ni yeye aliyelinganisha mchoro wa katikati na unyoya. Mlinganisho huo umedumu kwa sababu ni sahihi hata katika jambo dogo. Ukichukua unyoya wa kuku, utaona kwamba nyuzi hutoka kwenye uti zikielekea nje na mbele, upande wa ncha, wala hazirudi nyuma kuelekea shina. Ndivyo ilivyo juu ya mwamba: shina la unyoya liko upande wa chimbuko, na ncha iko upande ambao ufa ulikuwa unakwenda.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana aliyeielewa hatahitaji kukariri. Wakati wowote wa safari yake, ufa una mstari wa mbele, yaani mpaka kati ya sehemu iliyokwisha kupasuka na sehemu ambayo bado ni nzima. Mstari huo kwa kawaida hutangulia katikati na kuchelewa kingoni, kwa hiyo huwa umepinda kama upinde ulioelekezwa mbele. Mkazo, yaani nguvu inayovuta au kubana mwamba, uliopo kwenye mstari huo ukigeuka hata kwa kiasi kidogo, ufa hauwezi kugeuka wote kwa pamoja, hivyo hugawanyika katika vipande vyembamba ambavyo kila kimoja hugeuka peke yake. Ngazi ndogo zinazobaki kati ya kipande na kipande ndizo nyuzi za unyoya. Basi kila uzi unafuata njia iliyopitwa na nukta moja ya mstari wa mbele, na kila tao linaonyesha umbo la mstari huo wote kwa wakati mmoja. Nyuzi ni njia, na matao ni vituo. Ndiyo maana hukutana kwa pembe mraba.

Anza na kioo

Kabla ya kwenda kwenye miamba, mtu afanye mazoezi kwa kioo kinene kilichovunjika, kwa mfano kitako cha chupa au kipande cha kioo cha meza. Avae glavu na miwani ya kukinga macho, na asivunje kioo kwa makusudi ikiwa kipo kilichokwisha kuvunjika. Autazame ukingo uliovunjika, si uso laini wa kioo, huku taa ikimulika kutoka ubavuni. Karibu na mahali mpasuko ulipoanzia ataona eneo dogo linalong'aa kabisa. Linafuatwa na ukanda wenye ukungu. Kisha unakuja ukanda wa mikunjo mikali inayosambaa kama miale. Kadiri mpasuko ulivyozidi kupata nguvu ndivyo uso ulivyozidi kuchafuka.

Eneo hilo linalong'aa lina faida ya pekee, kwa kuwa ukubwa wake hufungamana na mkazo uliovunja kioo. Mkazo ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo cha eneo hilo, jibu hukaribia kutobadilika kwa kioo cha aina moja. Kwa kioo cha kawaida cha madirisha, ukitumia megapaskali (kipimo cha mkazo) na mita, jibu ni takribani 2. Kwa hiyo eneo lenye nusu kipenyo cha milimita 1 linaashiria mkazo wa karibu megapaskali 63, na lile la milimita 4 linaashiria nusu yake, karibu megapaskali 32. Eneo kubwa ni ishara ya mkazo mdogo, jambo ambalo watu wengi hulitarajia kinyume.

Hesabu hiyo, hata hivyo, isihamishwe kutoka kwenye kioo hadi kwenye mwamba. Chembe za mwamba huficha mipaka ya kanda hizo, na zaidi ya hayo mwendo haufanani: ufa katika kioo unaweza kufikia takribani mita 1,500 kwa sekunde, ilhali nyufa nyingi za miambani zilikua polepole sana, nyingine kwa hatua ndogo ndogo zenye mapumziko kati yake. Unyoya uliokolea vizuri juu ya mwamba si ushahidi kwamba ufa ulikwenda mbio. Kioo hufundisha umbo la alama, na kazi yake inaishia hapo.

Kutafuta uso unaosomeka

Chembe ndizo huamua. Miamba iliyotokana na tope na mchanga laini sana huhifadhi michoro vizuri kuliko yote, ikifuatwa na lava za chembe ndogo, chokaa ngumu na miamba ya mchanga laini. Granaiti ya chembe kubwa huonyesha kidogo, na mara nyingi ni matao mapana tu yanayoonekana. Msomaji wa Mwanza, mji uitwao Jiji la Miamba, anaweza kuvunjika moyo hapa, kwani granaiti zile zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 zimekatwa na nyufa kila upande, na Mwamba wa Bismarck wenyewe unadaiwa na nyufa umbo lake. Lakini nyuso zake zimechakazwa na hali ya hewa kwa muda mrefu mno, na alama nyembamba zilikwisha kufutika. Afadhali atafute machimbo ya mawe yaliyofukuliwa karibuni. Mwenye kukaa pwani ya Kenya ana mawe ya Mazeras, yale mabamba ya mwamba wa mchanga yanayopangwa kwenye sakafu na kuta. Ayatazame, lakini akumbuke kwamba uso mpana wa bamba kwa kawaida ni uso wa tabaka, pale mchanga ulipotandazwa juu ya mchanga. Nyufa ziko ubavuni mwa tabaka, na ni machimboni zinakoonekana zikiwa mahali pake.

Baada ya chembe, jambo la pili ni mwanga. Alama hizi mara nyingi zina kina cha chini ya milimita moja, na jua la saa sita mchana likiwa limeelekea uso moja kwa moja huzifuta zote. Nenda asubuhi au alasiri, wakati mwanga unapopita juu ya uso kwa kuulalia. Ukiwa kivulini, tumia tochi: isogeze karibu kabisa na mwamba, imulike kando, na uizungushe polepole kwa duara zima, kwa sababu nyuzi zinazofuata upande mmoja na mwanga hazitoi kivuli na huonekana kana kwamba hazipo. Uso ambao kutoka pembe moja ulikuwa bapa kama meza unaweza kuonyesha unyoya mzima kutoka pembe nyingine. Mimi humulika kutoka pande nne zilizo mbalimbali kabla ya kuandika kwamba uso fulani hauna kitu.

Usisugue kuvu wala ukoga kwa brashi ya waya, kwa sababu brashi huacha mikwaruzo inayofanana na nyuzi. Brashi laini na maji yatosha. Usichore mistari kwa chaki juu ya mwamba wenyewe kabla ya kupiga picha, na afadhali usichore kabisa. Chapisha picha na uchore juu yake, maana mtu akishachora uti wa unyoya kwa mkono wake hawezi tena kuuona ulipo kwa haki.

Kufuata nyuzi hadi chimbuko

Simama mbali kwanza, hatua tano au sita, na utazame uso wote. Tafuta mahali ambapo nyuzi zinaonekana kukusanyika. Kisha sogea, uchague nyuzi mbili zilizo pande mbili za uti, na utazame zinavyounda umbo la V. Mdomo wa V uliofunguka unaelekea upande ambao ufa ulikuwa unaenda, na kona ya V inaelekea lilipo chimbuko. Rudia kwa jozi kadhaa za nyuzi. Zikikubaliana, fuata kona za V nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike mahali ambapo nyuzi zinasambaa pande zote, au mpaka uso uishe.

Matao hutumika kama shahidi wa pili. Upande wa ndani wa tao, ule uliobonyea, huelekea chimbuko, na upande wa mgongo huelekea mbele, kama mawimbi ya duara yanayotoka mahali jiwe lilipoangukia majini. Nyuzi na matao yakipingana, usilazimishe jibu. Mara nyingi utakuta kwamba nyufa mbili zilikutana, kila moja ikitoka kwake, na mpaka wao unapita katikati ya uso unaoutazama.

Utakapofika kwenye chimbuko, tazama kwa lenzi kuna nini. Katika miamba ya tabaka huwa ni kisukuku, uvimbe wa madini, kitundu, au mfinyo chini ya tabaka ambao mkondo wa maji uliuacha kabla tope halijawa mwamba. Kasoro kama hizo hukusanya mkazo: mwamba uliozunguka kitundu huvutwa zaidi kuliko mwamba ulio mbali nacho, kwa hiyo ndiko unakoanza kukatika. Andika aina ya kasoro, ukubwa wake, na mahali pake katika unene wa tabaka. Chimbuko likiwa chini kabisa ya tabaka, utaona nusu ya unyoya tu, uti ukiwa umelala kwenye mpaka wa tabaka na nyuzi zote zikipanda juu. Usidhani kwamba nusu nyingine imepotea.

Ikiwa upande wa pili wa ufa bado upo, ulinganishe. Alama za pande mbili ni kama mhuri na lakiri: palipo na mgongo upande mmoja pana mfereji upande wa pili. Alama ambayo iko upande mmoja tu haikuletwa na kupasuka.

Mfano wa Watkins Glen

Mahali ambapo somo hili limefanyiwa kazi nyingi ni kusini mwa eneo la maziwa marefu ya jimbo la New York, hasa karibu na Ithaca na Watkins Glen. Miamba yake ni ya tope na mchanga laini sana, iliyotandazwa baharini takribani miaka milioni 380 iliyopita. Zaidi ya miaka milioni 70 baadaye, bara ambalo Afrika ilikuwa sehemu yake liligongana na Amerika Kaskazini, milima ya Appalachia ikainuliwa, na tabaka hizo zilizokuwa zimefukiwa kwenye kina kikubwa zikabanwa kutoka upande wa kusini-mashariki. Nyufa zilizotokea wakati huo zimesimama wima na kuikata kwa pembe karibu mraba mikunjo mipana ya tabaka.

Hapa ndipo maswali yetu mawili yanapoachana waziwazi. Ufa wa kuachana hufunguka kuelekea upande ambao mwamba unabanwa kwa nguvu ndogo kuliko pande nyingine, na uso wake hulala sambamba na upande unaobanwa kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo mkazo husomwa kutokana na jinsi uso wote ulivyokaa, unaopimwa kwa dira, wala si kutokana na unyoya. Katika tabaka moja la Watkins Glen unaweza kukuta unyoya mmoja unaokwenda kaskazini na, mita chache mbele, mwingine unaokuja kusini, ilhali nyuso zote mbili zina mwelekeo mmoja. Mkazo ulikuwa uleule. Machimbuko tu ndiyo yalikuwa mahali tofauti, na kila ufa ulikua kuelekea palipokuwa na mwamba mzima. Mtu anayechora mshale wa nguvu juu ya uti wa unyoya anachora kitu ambacho hakikuwapo.

Uti katika tabaka hizo kwa kawaida huenda mlalo, na nyuzi hupanda na kushuka hadi mipaka ya tabaka. Baadhi umenyooka kwa mita nyingi bila kukatizwa. Mwingine unayumba kama njia ya ng'ombe, na mwingine unarudiarudia: unyoya mfupi, tao, unyoya mwingine, tao jingine. Mwaka 1984 wanajiolojia Dov Bahat na Terry Engelder walizitenganisha aina hizo, na ile inayorudiarudia ndiyo iliyozaa hoja kubwa. Kwa nini ufa usimame na kuanza tena mara nyingi namna ile?

Jibu linalokubalika ni kwamba ufa ulisukumwa kutoka ndani na maji au gesi iliyokuwa katika vinyweleo vya mwamba. Shinikizo likifika kiwango cha kutosha, ufa husonga. Ukisonga, nafasi ya ndani yake huongezeka, shinikizo hushuka, na ufa husimama na kuacha tao. Umajimaji huendelea kuvuja polepole kutoka kwenye mwamba na kuujaza, shinikizo hupanda, na mzunguko unaanza upya. Mwaka 1992 Alfred Lacazette na Engelder walipima umbali kati ya matao ya ufa mmoja wa aina hii, na kutokana na urefu wa hatua hizo wakahitimisha kwamba kilichousukuma kilikuwa gesi, kwa kuwa maji hayabanwi wala kutanuka kiasi cha kuuwezesha ufa kupiga hatua ndefu namna ile kabla shinikizo halijaisha. Kwa hiyo, ukikuta matao yanayojirudia, usiishie kuyahesabu. Pima nafasi kati ya kila tao na linalofuata ukianzia upande wa chimbuko, na uandike vipimo kwa mpangilio wake.

Kusoma pindo

Wengi huishia kwenye unyoya kwa kuwa unapendeza, na ninaona hilo ni hasara, maana pindo ndilo lenye habari za mkazo ambazo mji hauwezi kutoa. Ufa unapovuka kutoka tabaka moja kuingia nyingine, au unapokaribia mwisho wake, unaweza kukuta kwamba upande wa mkazo mdogo umegeuka. Kama ilivyokuwa kwa nyuzi, uso hauwezi kugeuka wote, hivyo hukatika kuwa vijiufa vilivyopangwa kimshazari mfano wa vibao vya dirisha la luva. Kila kijiufa kimekaa kwa kufuata mkazo mpya, na ngazi zinazoviunganisha ni mabaki tu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Pima kwa dira mwelekeo wa uso wa mji, kisha upime mwelekeo wa vijiufa visivyopungua vitano vya pindo, ukiziepuka ngazi zilizo kati yake. Tuseme mji una mwelekeo wa digrii 340 na vijiufa vina wastani wa digrii 352, na vyote vimesimama wima. Wakati mji ulipopasuka, mwamba ulikuwa unaachana kuelekea digrii 70 na 250. Wakati pindo lilipopasuka, ulikuwa unaachana kuelekea digrii 82 na 262. Mkazo umezunguka digrii 12 kufuata mwendo wa mishale ya saa, ama kwa kupita kwa wakati, ama kwa sababu tabaka la pili lilikuwa na mkazo wake. Kuchagua kati ya hayo mawili, mtu hana budi kupima mapindo mengi: yote yakizunguka upande mmoja katika eneo pana, hoja ya mkazo wa nchi nzima kugeuka inapata nguvu, na ndivyo ilivyofanyika katika miamba ya New York iliyotajwa; lakini yakizunguka huku na huku bila utaratibu, sababu ni ya palepale.

Kuhusu ni ufa upi ulitangulia, kanuni ni fupi. Ufa mdogo kwa umri hukomea kwenye ulio mkubwa kwa umri ikiwa huo mkubwa ulikuwa wazi, na unyoya wa ufa mdogo utaonyesha ama ulikuwa unaukaribia ama ulianzia hapo.

Nguzo za lava

Lava inapopoa husinyaa na kupasuka kuwa nguzo zenye pande tano, sita au saba, na katika ubavu wa nguzo hizo alama husomwa kwa namna yake. Badala ya uso mmoja mkubwa utaona mikanda ya mlalo, mmoja juu ya mwingine, yenye urefu wa kwenda juu wa sentimita chache hadi makumi kadhaa ya sentimita. Kila mkanda ni ufa mmoja uliopasuka kwa mara moja wakati baridi ilipopenya ndani kidogo zaidi. Ndani ya kila mkanda mna unyoya wake mdogo, na chimbuko lake liko kwenye ukingo wa mkanda uliotangulia. Kwa hiyo ukingo ambao machimbuko yamekaa ni wa upande ulioanza kupoa, na nguzo ilikua kuelekea upande wa pili. Nguzo zilizoshuka kutoka juu na zile zilizopanda kutoka chini hutambulikana hivyo, hata pale ambapo sehemu ya juu ya lava imekwisha kuondolewa na mmomonyoko. Mikanda mipana kwa kawaida huashiria kupoa taratibu.

Kuta za lava zenye nguzo zinaonekana katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, nchini Kenya, na mtembezi anaweza kuzitazama bila nyundo, ambayo hifadhini haina ruhusa. Asiingie katika korongo lake siku zenye dalili za mvua, hata kama mvua iko mbali: mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Asiyeweza kufika atengeneze nguzo zake nyumbani kwa kuchanganya wanga wa mahindi na maji kiasi sawa katika bakuli, na kuuacha ukauke kwa siku kadhaa chini ya taa yenye joto. Tabaka la chini litakuwa limegawanyika kuwa vijinguzo vyembamba.

Nyufa zilizoletwa na watu

Machimboni, nusu ya nyufa nzuri zitakazokuvutia huenda ni za juzi. Mlipuko wa baruti hupasua mwamba kwa kuachanisha, kwa hiyo huacha unyoya na matao kamili, pengine yenye kukolea kuliko ya asili. Tafuta chimbuko kabla ya kushangilia. Likiwa kwenye tundu la baruti, ambalo nusu yake mara nyingi hubaki ukutani kama mfereji mrefu ulionyooka, ufa huo ni kazi ya wachimbaji. Vivyo hivyo kwa mawe yaliyopasuliwa kwa tindo na nyundo, ambapo nyuzi husambaa kutoka kwenye alama ya tindo. Uso wa asili kwa kawaida una utando wa kalisaiti, kutu ya chuma au udongo ulioingia na maji, na utando huo hupita juu ya alama bila kukatizwa.

Tahadhari hiyo inahitajika zaidi kwa wanaosoma nguzo za mwamba zilizotolewa na mashine za kuchoronga kwa ajili ya visima, mabwawa au migodi. Idadi ya nyufa katika nguzo hizo huingia moja kwa moja kwenye hesabu za kuamua kama mwamba utabeba mzigo au utapitisha maji, na ufa uliosababishwa na mashine ukihesabiwa kuwa wa asili, hesabu yote inapotoka. Geuza kila kipande chini ya mwanga wa ubavuni. Ufa wa asili ni mkubwa kuliko nguzo, kwa hiyo nyuzi zake huingia upande mmoja na kutokea upande mwingine bila kujali umbo la nguzo. Ufa wa mashine hulijua umbo hilo: chimbuko lake huwa ndani ya nguzo au kwenye ukingo wake, na nyuzi zake hupinda zinapokaribia kingo. Andika herufi ya asili au ya mashine kando ya kila ufa siku ileile nguzo ilipotolewa, kwa kuwa ikikaa ghalani kwa miezi, ikibebwa na kuangushwa, itapata nyufa za tatu ambazo hazikuletwa na mwamba wala na mashine.